Stadi za Egzosi Zikishika Kutu: Bora Kuharibu Nati Kuliko Kuvunja Stadi



Vikundi vingi tunavyotembelea vina gari moja kuukuu. Ni pikapu ya kubebea maziwa, mboga au mahindi, iliyonunuliwa kwa jasho la wanachama. Mara nyingi ni Peugeot 504, gari iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968 na ambayo iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi. Wengine wana Toyota ya zamani, au Land Rover iliyopitia mikono mingi. Gari hizi ni ngumu, na zikitunzwa bado zinafanya kazi. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaozipata karibu zote zikizeeka. Matibabu yake yakifanywa vibaya, kikundi kinaweza kumaliza akiba ya miezi mingi kwa siku moja. Ugonjwa huo ni stadi za egzosi kushika kutu, kukwama na kuvunjika.

Hatuandiki haya ili kila mwanachama awe makanika. Tunataka dereva atambue dalili mapema, kijana anayejifunza ufundi ajue njia iliyo sawa, na mweka hazina aweze kumuuliza fundi maswali ya maana kabla ya kutoa pesa.

STADI NI KITU GANI?

Hapa hatusemi juu ya ustadi wa fundi, ingawa huo nao utahitajika sana. Stadi ni kijiti cha chuma chenye meno pande zote mbili, kama bolti isiyo na kichwa. Upande mmoja umekazwa ndani ya injini na hukaa humo miaka yote. Upande wa pili umetokeza nje na hupokea nati.

Moshi ukitoka katika silinda hupita kwanza katika hedi, yaani kile kifuniko kizito kilicho juu ya injini. Kutoka hapo huingia katika manifoldi, chuma kizito chenye mikono kama vidole. Kisha hushuka katika bomba la egzosi hadi nyuma ya gari. Kwa hiyo kuna stadi za mahali pawili: zile zinazoshika manifoldi kwenye hedi, na zile zinazoshika bomba kwenye manifoldi. Kumbukeni tofauti hii, maana dawa ya hizi inaweza kuwa sumu kwa zile.

KWA NINI ZINAKWAMA?

Sababu ya kwanza ni moto. Asubuhi injini ni baridi. Baada ya kupanda mlima na mzigo, manifoldi ina joto la mamia ya digrii. Jioni inapoa tena. Chuma kikipata moto hupanuka, kikipoa hujikunja. Fanya hivyo kila siku kwa miaka 20, na stadi imevutwa na kulegezwa mara maelfu. Ndiyo sababu stadi za mwisho, ile ya kwanza mbele na ile ya nyuma kabisa, ndizo huvunjika zaidi. Manifoldi ndefu ikipanuka, mvuto huwa mkubwa huko kwenye ncha.

Sababu ya pili ni kutu. Mvua, matope na maji ya kuoshea gari huingia katikati ya meno ya nati na ya stadi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilicholiwa. Basi inajijaza ndani ya meno na kubana kama kabari.

Sababu ya tatu iko katika gari zenye hedi ya aluminiamu. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja penye unyevu, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo hushikilia stadi kama saruji.

DALILI, NA KWA NINI MSINGOJE

Dereva akiwasha gari asubuhi, asikilize. Kama kuna mlio wa tik-tik-tik upande wa manifoldi, unaopungua injini ikipata moto, huenda moshi unavuja. Zimeni injini, ingojeni ipoe, halafu angalieni pale manifoldi inapokutana na hedi. Alama nyeusi ya masizi ni ushahidi. Hesabuni nati na stadi pia. Mara nyingine utakuta moja haipo kabisa, imevunjika zamani na hakuna aliyejua.

Watu wengine husema, "Ah, ni kelele tu, gari inatembea." Si kelele tu. Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kutapika, kisha anaweza kupoteza fahamu na kufa. Moshi ukivuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani ya kabini, hasa wakati wa baridi madirisha yakiwa yamefungwa. Kama dereva na utingo wanaumwa kichwa kila safari na wakishuka wanapata nafuu, msiseme ni uchovu tu. Simamisheni gari hiyo ikaguliwe. Wala msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa.

Tena, stadi moja ikiisha, zilizobaki zinabeba kazi yake. Manifoldi huanza kupinda, gasketi inaungua, na stadi ya pili inafuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KABLA YA KUSHIKA SPANA, CHUKUENI SUMAKU

Sumaku ndogo ya spika iliyoharibika inatosha. Safisheni sehemu ya hedi na muiguse kwa sumaku. Ikishika, hedi ni ya chuma. Isiposhika, ni aluminiamu. Land Rover Series III ya silinda nne ina hedi ya chuma. Peugeot 504 ya petroli ina bloku ya chuma lakini hedi yake ni ya aluminiamu. Manifoldi nayo, katika gari hizi za zamani, kwa kawaida ni ya chuma.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu ya moto wa gesi. Chuma kikipata moto mwingi hugeuka chekundu, na fundi anaona kwamba sasa kimeiva. Aluminiamu haimwonyi mtu hivyo. Inayeyuka kwenye digrii 660, na mchana inaonekana ile ile mpaka inapoporomoka. Fundi aliyezoea hedi za chuma anaweza kuitoboa hedi ya aluminiamu akingoja igeuke nyekundu.

KUFUNGUA: KAZI HUANZA JANA YAKE

Wengi huharibu kazi hii kwa haraka. Gari inaletwa saa mbili asubuhi, maziwa yanangoja, na fundi anaambiwa afungue sasa hivi. Njia iliyo bora ni hii:

1. Jioni ya jana yake, injini ikiwa imepoa, sugueni meno yote ya stadi yanayoonekana kwa brashi ya waya. Nati ikizunguka juu ya meno yenye kutu itakwama tena njiani.

2. Tieni mafuta ya kulegeza kutu, yale mepesi yanayouzwa katika mikebe ya kupuliza. Yapelekeni kwenye nati na pia nyuma, pale stadi inapoingia. Rudieni kabla ya kulala, na tena asubuhi. Msitumie petroli kamwe. Wala msipulize mafuta juu ya manifoldi yenye moto, maana yanaweza kushika moto.

3. Asubuhi, gongeni ncha ya nati kwa nyundo ndogo mara kadhaa, kiasi cha kuitingisha tu. Mtikisiko huo hupasua kutu na mafuta yanaingia. Msigonge stadi kutoka ubavuni.

4. Tumieni soketi ya pembe sita inayokaa sawasawa. Spana iliyolegea au yenye pembe 12 hula kona za nati, na hapo tabu inaongezeka.

5. Kwanza jaribuni kukaza kidogo sana, kisha kulegeza. Ikisogea robo ya mzunguko, rudisheni nyuma, tieni mafuta, endeleeni tena. Nenda rudi, nenda rudi. Msilazimishe safari moja.

Hapa mkono wa fundi lazima usikie. Nati ikilia "kwii" na kusogea, ni heri. Lakini spana ikienda kisha ikirudi yenyewe kama mpira, simameni hapo hapo! Nati haizunguki. Ni stadi inayojinyonga, na ukiongeza nguvu kidogo tu itakatika. Kuweka bomba refu kwenye spana wakati huo ni kununua hasara.

NATI IKIKATAA: ITOENI SADAKA

Nati ni kitu cha bei ndogo. Stadi ni ghali kidogo, na hedi ni ghali sana. Kwa hiyo daima haribuni kile cha bei ndogo ili kuokoa cha bei kubwa. Ndiyo maana tunasema bora kuharibu nati kuliko kuvunja stadi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuikata nati ubavuni kwa msumeno wa chuma, karibu na meno lakini bila kuyagusa, kisha kuipasua kwa tindo ndogo kali. Ikishapasuka inalegea yenyewe.

Ya pili ni moto. Kama ni stadi za bomba kwenye manifoldi ya chuma, nati inaweza kupashwa kwa gesi mpaka iwe nyekundu ya kufifia, kisha ifunguliwe. Wazee wa ufundi wana mbinu nyingine nzuri: moto ukishaondolewa na wekundu umekwisha, gusisheni mshumaa au nta ya nyuki pale kwenye meno. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani, mahali ambapo mafuta hayakufika.

Kama ni stadi iliyoingia katika hedi ya aluminiamu, msielekeze mwale wa gesi kwenye hedi. Pasheni polepole, mkizungusha moto, mpaka tone la maji likidondoshwa lichemke na kukauka mara moja. Hiyo inatosha. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo shimo linaachia stadi bila kuhitaji moto mkali.

Kabla ya moto wowote, ondoeni betri, angalieni mabomba ya petroli, na wekeni karibu ndoo ya mchanga au kizima-moto. Katika injini nyingi za zamani kabureta iko karibu kabisa na manifoldi. Petroli inayodondoka na moto wa gesi havikai nyumba moja.

STADI IKIKATIKA

Isipandishwe hasira. Kazi ya kuitoa inategemea imekatikia wapi.

Kama kipande kirefu kimebaki nje na meno yake ni mazima, wekeni nati mbili juu yake na kuzikaza moja dhidi ya nyingine kwa nguvu. Kisha fungueni kwa spana iliyo kwenye nati ya ndani. Stadi itazunguka pamoja nazo.

Kama kimebaki kipande kifupi, fundi wa kuchomelea anaweza kuweka nati juu yake na kuchomelea kupitia tundu la nati. Njia hii husaidia mara mbili: unapata mahali pa kushika kwa spana, na moto wenyewe unalegeza kutu. Kwenye hedi ya aluminiamu, chuma cha kuchomelea hakishiki aluminiamu vizuri, na hiyo ni bahati kwetu. Kwenye hedi au manifoldi ya chuma kinashika, kwa hiyo awe mwangalifu asije akaunganisha stadi na hedi. Acheni ipoe mpaka wekundu uishe, tieni nta, ndipo mzungushe polepole, nenda rudi.

Kama imekatikia sawasawa na uso wa hedi au ndani zaidi, itabidi kutoboa. Hapa ndipo hedi nyingi hufa. Aluminiamu ni laini na stadi ni ngumu. Biti ya drili ikiteleza hata kidogo, inaikimbia stadi na kula aluminiamu. Kwanza sawazisheni uso wa stadi kwa tupa. Wekeni alama katikati kabisa kwa panchi. Anzeni na biti ndogo ya milimita 3, drili iende polepole, na mafuta yatiwe. Mpimie kina pia, maana nyuma ya stadi nyingine kuna njia ya maji. Kisha ongezeni ukubwa kidogo kidogo. Kwa stadi ya milimita 8 yenye meno ya kawaida ya 1.25, mwisho wa kutoboa ni milimita 6.8. Mkiwa mmekwenda katikati sawasawa, mabaki ya chuma huchomolewa kama uzi na meno ya zamani yanabaki. Tapu, kile chuma cha kukatia meno, hupitishwa kuyasafisha. Vaeni miwani ya kazi.

Kuna chombo ambacho mafundi hukiita iziauti, kinachopigiliwa katika tundu na kuzungushwa. Kina kazi yake, lakini kimetengenezwa kwa chuma kigumu sana. Kikikatikia ndani, biti ya kawaida haiwezi kukitoboa. Stadi iliyokatika kwa sababu ya kutu kali imeshikwa na nguvu kuliko iziauti nyembamba. Msikitumie bila kupasha moto kwanza, na msikilazimishe.

Tulikuta kikundi kimoja cha maziwa ambacho gari yao ilikuwa na stadi mbili tu za kubadilisha. Karakana moja ya mjini iliweka bomba kwenye spana, zikakatika zote mbili. Kisha ikatoboa kwa drili ya mkono, mtu akikisia kwa macho. Tundu moja lilipinda hadi njia ya maji. Hedi ikaanza kuvuja, na kikundi kikatafuta hedi nyingine. Wiki tatu maziwa yalibebwa kwa baiskeli na punda, na mengine yakamwagika. Stadi mbili!

Kwa hiyo, kama imekatikia ndani na hamna mkono wa kuaminika, simameni. Fungueni hedi na mpeleke kwa karakana yenye mashine ya kutobolea iliyosimama, inayoshuka wima. Meno ya hedi yakishaharibika, huko wanaweza pia kupanua tundu na kuweka koili ya waya yenye meno mapya, ambayo stadi ya saizi ile ile inaingia. Gharama hiyo inauma, lakini haiwezi kulingana na hedi nyingine.

KURUDISHA

Kazi ya kurudisha ikifanywa vizuri, atakayefungua miaka kumi ijayo atawashukuru.

- Badilisheni stadi zote zilizolika, si ile iliyovunjika peke yake. Msiweke bolti yoyote iliyookotwa sandukuni. Stadi za egzosi ni za kuvumilia moto.
- Stadi iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikikataa, safisheni tundu.
- Pakeni grisi ya shaba kwenye meno. Grisi ya kawaida huungua na kukauka.
- Tumieni nati za shaba kama zinapatikana. Hazishikani na chuma kwa kutu.
- Wekeni rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa manifoldi. Ukiona mwanga chini yake, imepinda, ipelekwe ikasawazishwe. Mkiikaza hivyo hivyo, stadi za mwisho zitakatika tena.
- Gasketi iwe mpya. Ya zamani sana inaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo iloweshwe maji kabla ya kukwanguliwa, ili mtu asivute vumbi lake.
- Kazeni kuanzia katikati mkienda nje, kwa awamu mbili au tatu. Baada ya siku chache za safari, injini ikiwa baridi, pitieni tena.

PATANENI NA FUNDI KABLA

Stadi iliyokaa na kutu miaka 20 inaweza kukatika hata mikononi mwa fundi mzuri. Si haki kumbebesha lawama zote. Wala si haki kikundi kulipia bomba refu na haraka ya mtu. Dawa ni kupatana mapema. Mwakilishi wa kikundi aulize wazi:

"Fundi, stadi ikikatika tutafanyaje?"

"Mama, hiyo ikikatika nitatoboa."

"Utatoboa na nini? Na kabla ya kutoboa, utatuita?"

Swali hilo la mwisho ndilo la maana zaidi. Andikeni katika kitabu cha kikundi: bei ya kazi kama zote zitafunguka, bei ya kila stadi itakayokatika, na kwamba fundi hatatoboa wala kuchomelea kabla ya kuwaita. Mpeni pia muda. Mkimpelekea gari jioni na kumwambia aichukue siku nzima ya kesho, mmempa nafasi ya kufanya kazi kwa subira. Siku hiyo kodini gari nyingine ya maziwa, au mpange zamu za punda. Hasara ya siku moja inajulikana. Hasara ya hedi huijui mpaka ifike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Dereva wetu alikagua stadi na nati za manifoldi lini mara ya mwisho?
2. Hedi ya gari yetu ni chuma au aluminiamu? Nani ataipima kwa sumaku kabla ya mkutano ujao?
3. Tukipeleka gari kwa fundi, ni nani anayeruhusiwa kukubali kazi ya ziada, na inaandikwa wapi?
4. Gari ikilala karakana siku mbili, maziwa au mazao yetu yatafika sokoni kwa njia gani?